Niliporwa njia ya Namanga, sasa shemeji ananishauri nichukue bastola

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Hujambo? Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Ruai, na kwa miaka mingi nimefanya biashara ya vitunguu katika soko la Wakulima hapa Nairobi. Vitunguu vya humu nchini vikiadimika, mimi huvuka mpaka wa Namanga, nikapita Arusha na Makuyuni hadi Mang'ola kule Karatu, nikanunua shambani kwa wakulima wenyewe. Wengi wao hutaka pesa taslimu, na ukikawia kulipa unakuta mwenzako amekwisha kuupakia mzigo. Kwa hiyo nimezoea kusafiri na pesa nyingi, mimi, dereva wangu na utingo, sote watatu tumebanana mbele ya lori.

Mwaka uliopita tuliondoka Nairobi usiku ili tufike mpakani alfajiri. Tulipokuwa tumeupita mji wa Kajiado, kabla ya kufika Bissil, tulikuta mawe yamepangwa barabarani, dereva akalazimika kusimama. Wakatokea wanaume gizani. Mmoja aligonga kioo cha upande wangu kwa mpini wa panga, akagonga polepole kama jirani anayebisha hodi, nami nikateremsha kioo bila hata kufikiri. Mwingine alikuwa na bastola. Alitushusha, akapanda, akainua kiti cha katikati na kutoa mfuko wa unga ambamo nilikuwa nimezificha pesa. Walimpiga utingo wangu mgongoni kwa ubapa wa panga ingawa hakuwa amewabishia, wakachukua simu zetu, wakatokomea. Tuliripoti kwenye kituo cha polisi, maelezo yakaandikwa, na hadi leo sijapata habari yoyote.

Tangu usiku ule sijawa mtu wa kawaida. Mlango ukigongwa moyo unanienda mbio. Nimeendelea kusafiri kwa sababu karo na deni la lori havingoji, lakini kila nikiiona taa ya pikipiki nyuma yetu ninashika mlango kwa nguvu mpaka vidole vinauma.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ana leseni ya silaha na ni mtu makini. Ananiambia kwamba mfanyabiashara anayebeba pesa ana sababu nzuri ya kuomba leseni, na kwamba laiti ningekuwa na bastola usiku ule, mambo yangekuwa mengine. Alinitolea yake sebuleni kwake nikaishika. Anasema nichague ndogo, ya kike, inayoingia kwenye mkoba. Kuna pia mtu mmoja sokoni aliyeninong'oneza kwamba anaweza kunipatia silaha haraka, bila mlolongo wa makaratasi, kwa bei isiyofika nusu ya ile ya dukani. Sijamjibu.

Mume wangu ni mwalimu. Nilipomgusia jambo hili alisema bunduki haitaingia katika nyumba yake, akatoka nje, na hatujalizungumza tena. Naona kama hajali niliyoyapitia. Mtoto wetu wa kwanza, kijana, alimaliza Kidato cha Nne na matokeo hayakuwa kama alivyotarajia; siku hizi hujifungia chumbani, hata njumu zake za mpira alizokuwa akizipenda amempa binamu yake, kwa hiyo hata yeye si mtu wa kunisaidia mawazo.

Rafiki yangu alinishauri nimwone daktari kuhusu usingizi na ile hofu, lakini naogopa kwamba nikiandikwa hospitalini kuwa nina matatizo ya akili, leseni nitanyimwa.

Naomba unisaidie. Je, bastola itanilinda kweli safarini? Kama ni ndiyo, nichague ya aina gani? Naweza kuvuka nayo Namanga? Na nifanyeje na mume wangu?

Mama Vitunguu, Ruai

MAJIBU

Dada yangu Mama Vitunguu,

Pole sana. Pole kwa usiku ule, na pole kwa miezi yote uliyoendelea kuipita barabara ileile na hofu hiyo kifuani kwa ajili ya watoto wako. Mtu aliyegongewa kioo na panga gizani hana haja ya kueleza kwa nini anataka kujilinda.

Umeniuliza juu ya safari, bastola, mpaka na mume wako. Nitayafikia yote. Hata hivyo naomba uniruhusu nianze na jambo uliloliandika kwa mstari mmoja na kulipita, kwa sababu hilo haliwezi kungojea mengine.

Kijana aliyeanguka matarajio yake, akajitenga na watu, kisha akaanza kugawa vitu alivyovipenda, anahitaji kuulizwa wiki hii, ana kwa ana, kama amewahi kuwaza kujiua. Huenda njumu alizitoa kwa ukarimu tu, au kwa sababu zilimbana, na nitafurahi sana ikiwa hivyo ndivyo. Lakini kugawa vitu vya thamani ni miongoni mwa dalili ambazo wahudumu wa afya ya akili huzifuatilia. Kumwuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humfungulia mlango wa kusema. Akikubali kwamba analo, msimwache peke yake, mpelekeni Hospitali ya Mathari au hospitali yoyote iliyo karibu yenye huduma hiyo. Lipo pia shirika la Befrienders Kenya, ambalo kazi yake ni kuwasikiliza watu waliozongwa na mawazo kama hayo.

Jambo hilo linahusiana moja kwa moja na swali lako. Wewe unaiwaza bastola ikiwa barabarani, lakini wewe huishi barabarani. Kwa kila saa itakayokaa safarini, itakaa saa nyingi zaidi Ruai, chumbani mwenu, ukuta mmoja na kijana huyo. Nchini Marekani, ambako bunduki za kiraia ni nyingi na takwimu huwekwa kwa uangalifu, zaidi ya nusu ya vifo vyote vya bunduki ni vya watu waliojiua. Wazo la kujiua huja kwa kishindo na mara nyingi hupita, na mtu akiupita wakati ule bila kupata chombo cha kumwua papo hapo, wengi hubaki hai na hawarudii. Bastola haimpi mtu nafasi ya kubadilisha nia. Sefu ya chuma husaidia, na risasi kufungiwa mahali pengine husaidia zaidi, ila nyote wazazi mnajua jinsi watoto wanavyojua funguo za nyumba zinakowekwa. Basi, hata ukiamua baadaye kuomba leseni, sioni vipi uamuzi huo unaweza kutangulia mazungumzo na kijana.

Sasa turudi barabarani. Nimeisoma sehemu ya uporaji mara kadhaa, na kuna jambo ambalo naona umeliandika bila kulitazama. Yule mwenye bastola hakuuliza pesa ziko wapi. Hakupekua mkoba wako, hakufungua sanduku la vifaa. Aliinua kiti cha katikati na kuutoa mfuko wa unga. Mtu anayefanya hivyo ama ana bahati ya ajabu, ama aliambiwa. Simtuhumu dereva wako wala utingo aliyepigwa, na nakusihi nawe usiwatuhumu bila ushahidi, kwa maana habari huvuja kwa njia nyingi: aliyekuona ukihesabu pesa sokoni, wakala aliyekuwa akikungoja Mang'ola, fundi aliyekishona kiti, simu iliyopigwa mbele ya watu kutangaza kwamba kesho mnaondoka. Lakini ikiwa habari ndiyo iliyokuponza, bastola haiwezi kuziba mahali ilipovujia. Tena aliyejua pesa ziko wapi atajua pia kwamba sasa unabeba silaha, na watakuja wakiwa wamejiandaa kwa hilo, pengine kwa kuipora hiyo silaha yenyewe, ambayo kwao ina thamani kuliko mfuko wa pesa.

Shemeji yako anasema mambo yangekuwa mengine. Namheshimu, na naelewa anakotoka. Wakenya wengi hatujasahau kwamba Septemba 2013 raia wenye leseni walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia Westgate, jumba la maduka la hapa Nairobi lililovamiwa na magaidi, na kuwatoa wenzao. Hilo ni deni la shukrani. Lakini wale walikwenda wakijua wanakokwenda, baadhi yao wakiwa na mazoezi ya muda mrefu. Wewe ulikuwa umeketi, mkanda wa usalama kifuani, bega kwa bega na utingo, na aliyekushambulia alikuwa nusu mita kutoka usoni mwako kabla hujajua kwamba umeshambuliwa. Mwaka 1983 polisi mmoja wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika juu ya jaribio lililoonyesha kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukimbia umbali wa mita sita na ushei kwa sekunde moja na nusu hivi, muda ambao polisi aliyefunzwa huhitaji kuichomoa bastola na kufyatua. Huyo ni polisi, amesimama, anatazama mbele. Ndani ya lori, ili uichomoe bastola kiunoni na kuielekeza dirishani au upande wa dereva, mdomo wa mtutu utapita juu ya mapaja yako au ya mwenzako. Mwambie shemeji akae kwenye lori lenu, mahali pako pale dirishani, amebanana na watu wawili, akuonyeshe kwa mkono mtupu jinsi angefanya. Nadhani nyote wawili mtajifunza kitu.

Sisemi kwamba silaha haijawahi kumwokoa msafiri. Imewahi, hasa pale mtu alipoiona hatari mapema, akiwa na nafasi na nuru. Swali lako la kweli ni kama hatari yako hukujia kwa sura hiyo.

Kuhusu sheria, hapa Kenya kumiliki silaha si haki ya kila raia bali ni ruhusa, na ruhusa hiyo hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114. Ni lazima uoneshe sababu ya msingi, na Bodi iridhike kwamba huna tabia ya ulevi, akili yako ni timamu, na kwamba kukupa silaha hakutahatarisha usalama wa umma. Ombi hupitia uchunguzi wa polisi, hati ya mwenendo mwema, uchunguzi wa afya ya akili na mafunzo ya kuishika. Kuwa mfanyabiashara anayesafiri na pesa ni sababu inayosikilizwa, lakini si hakikisho. Hata baada ya kupewa, cheti huhuishwa kila mwaka na kinaweza kufutwa. Mwishoni mwa 2018 serikali iliagiza wote waliokuwa na leseni wakaguliwe upya, hata waliozishikilia kwa miaka.

Cheti hutaja mwenye silaha, silaha yenyewe na kiasi cha risasi. Ni chako peke yako. Huwezi kumpa dereva akuwekee unapokwenda msalani, wala mume wako hawezi kuihamisha kutoka sebuleni hadi chumbani kwa sababu mgeni amefika. Kwa msingi huohuo, shemeji yako hakupaswa kukukabidhi bastola yake hata kwa nia njema, hata sebuleni kwake. Tafadhali asirudie.

Yule mtu wa sokoni mwache kabisa, dada yangu. Hapa sina njia mbili za kukueleza. Silaha isiyo na cheti ni jela kwako hata kama hujawahi kuifyatua, na hujui imemwua nani kabla ya kukufikia. Risasi huacha alama ambazo wachunguzi huzilinganisha, na damu ya mtu usiyemjua inaweza kuangukia jina lako.

Umeuliza uchague ya aina gani, na ushauri wa ile ndogo ya mkobani unanitia wasiwasi. Bastola ndogo na nyepesi ndiyo inayorusha mkono kwa nguvu zaidi, kwa sababu haina uzito wa kuumeza mshindo wa risasi. Mtutu wake mfupi na mpini usiojaa kiganjani huifanya iwe ngumu kulenga nayo, hasa kwa anayeanza. Wakufunzi wengi humwanzisha mtu kwa bastola ya ukubwa wa wastani, ya risasi za milimita 9, kwa kuwa risasi zake ni rahisi kupatikana na mshindo wake unazoeleka. Neno “ya kike” lisikusumbue. Kinachotazamwa ni kiganja, si jinsia. Shika mpini uone kama kidole kinafika kwenye kifyatulio bila kuugeuza mkono. Vuta nyuma ile sehemu ya juu inayoingiza risasi kwenye mtutu, uone kama nguvu zako zinatosha bila kung'ang'ana, kwani wengine huona ugumu hapo na kupendelea rivolva, yaani bastola yenye kasha la risasi linalozunguka, ambayo huhitaji tu kuvutwa kifyatulio. Rivolva nayo hubeba risasi tano au sita, na kifyatulio chake ni kizito na kirefu, jambo linaloyumbisha shabaha. Bastola nyingine zina kizuizi cha pembeni unachopaswa kukumbuka kukiondoa; nyingine, kama Glock, hazina kizuizi cha aina hiyo, kwa hiyo nidhamu ya kidole ndiyo kila kitu. Haya yote hufanyiwa mbele ya mkufunzi na muuzaji mwenye leseni, na huruhusiwi kununua kabla ya cheti.

Mkoba nao ni kitu cha kwanza ambacho mwizi humpokonya mwanamke. Ndani yake mna funguo, kalamu na vitana vinavyoweza kuingia kwenye kifyatulio. Ukifika nyumbani unauweka juu ya kochi bila kuwaza. Wanaobeba kwa uangalifu huivaa mwilini, katika ala ngumu inayokifunika kifyatulio kabisa, chini ya nguo, isionekane na mtu. Hiyo ina maana kwamba mavazi yako ya safari yatabadilika, utakavyoketi kwenye lori itabadilika, na wala hutaonja pombe ukiwa nayo. Tena utafanya mazoezi mwezi baada ya mwezi, kwa gharama ya risasi na ya muda wako, kwa sababu mkono usiozoezwa husahau.

Kuhusu mpaka, jibu ni fupi na pengine litakuvunja moyo. Cheti cha Kenya hukoma Namanga. Upande wa pili una sheria yake, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na kuingia na bastola bila kibali cha mamlaka za Tanzania ni kosa kubwa, hata kama uliisahau kiunoni. Usidhani kwamba kwa kuwa kituo cha Namanga ni cha pamoja na maofisa wa pande zote mbili wako chini ya paa moja, basi ruhusa nazo ni za pamoja. Nchi za eneo hili zilitia saini itifaki mwaka 2004, papa hapa Nairobi, zikiahidi kubana kabisa usafirishaji wa silaha ndogo, na dereva wako na lori lako vinaweza kuingizwa katika kesi yako. Ukifikiria siku moja kwenda kwa ndege, ujue kwamba silaha haiingii nawe ndani ya ndege. Hutangazwa mapema kwa shirika na kwa polisi wa uwanja, ikiwa imetolewa risasi na kufungiwa, na ruhusa ya nchi unakokwenda lazima iwe mkononi.

Sasa tazama hesabu hii. Ile sehemu ndefu zaidi ya safari, kutoka Namanga hadi Mang'ola, ungeisafiri na pesa bila bastola kwa vyovyote. Ungelazimika kupata mahali halali pa kuiacha upande wa Kenya, kwa makubaliano ya maandishi na kituo cha polisi, maana kuiacha kwa mwenye hoteli au kuificha ndani ya lori lililoegeshwa ni kosa jingine. Je, mpango huo unawezekana kila msimu, saa kumi alfajiri, mzigo ukikungoja?

Kisha kuna siku ambayo hupendi kuiwaza, siku utakayoifyatua. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, katika kifungu cha 17, inaipima nguvu ya kujitetea kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Kiingereza, yaani ile iliyotokana na maamuzi ya mahakama za Uingereza: je, ulikuwa na hatari iliyokuwapo hasa, na je, nguvu uliyotumia ililingana nayo? Aliyekuelekezea mtutu ni jambo moja. Aliyekwisha kuupata mfuko na anakimbilia vichakani ni jambo jingine, na risasi ya mgongoni ni vigumu mno kuieleza mahakamani, hata kwa pesa ulizozihangaikia miaka. Polisi wakifika gizani na kukukuta na nguo za kiraia na bastola mkononi, hawajui wewe ni mwenye lori. Silaha itachukuliwa kwa uchunguzi, utaandika maelezo, na utaubeba moyoni uhai wa mtu, hata sheria ikikuachilia.

Je, ukiiacha bastola, kuna nini kingine? Kipo, na sidai kwamba hakina kasoro. Kusafiri mchana kungekugharimu nafasi nzuri ya kupakia, lakini mawe barabarani huonekana kutoka mbali. Pesa zenyewe zinaweza kupunguzwa: M-Pesa huruhusu hadi shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku, na zipo benki za Kenya zenye matawi Tanzania, kama vile KCB na Equity, ambako ungeweza kutolea pesa Arusha badala ya kuzibeba kutoka Nairobi. Wakulima wa Mang'ola wanataka pesa taslimu, naam, lakini hawajali umezitolea wapi. Ungeweza kulipa sehemu mapema kwa mkulima unayemwamini, na hapo hatari inahama kutoka barabarani hadi kwenye uaminifu wa mtu, nayo pia ni hatari. Kuongozana na malori mengine husaidia, mradi kundi zima lisiijue ratiba yako siku tatu kabla. Kampuni za ulinzi hukodisha wasindikizaji, na huenda gharama ya safari chache za msimu isizidi sana bei ya bastola, sefu, mafunzo na risasi. Fanya hesabu hiyo kwa kalamu. Waulize pia watu wa bima kuhusu bima ya pesa zikiwa safarini. Na lolote utakalochagua, badilisha mahali pa kuficha, na wanaojua wawe wachache.

Nenda ukamwone daktari. Unaogopa kwamba matibabu yatakunyima leseni, lakini jiulize unachokiomba hapo: kwamba upewe silaha ukiwa katika hali ambayo wewe mwenyewe unahofia daktari asiijue. Mtu ambaye moyo humwenda mbio mlango ukigongwa, akiwa na bastola chini ya mto, anaweza kumdhuru mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani. Hofu ya baada ya uporaji inatibika, na wengi hupona. Pengine ukishapata usingizi bado utaitaka bastola, na utakuwa umeichagua kwa kichwa kilichotulia. Pengine hutaitaka. Utingo wako naye alipigwa. Sijui kama kuna aliyemwuliza hali yake.

Nimebakisha mume wako. Uliandika kwamba unaona hajali. Alisema neno moja kali, akatoka nje, nawe ukakitafsiri kitendo cha kutoka. Sijui moyo wake, lakini mwalimu amekaa na vijana maisha yake yote, na inawezekana amekiona kitu kwa mtoto wenu ambacho hajapata maneno ya kukisema. Inawezekana pia anaona aibu kwamba hakuwapo kukulinda usiku ule. Tafuteni muda ambao watoto wamelala, umweleze uporaji ule kutoka mwanzo hadi mwisho, maana sina hakika kama amewahi kuusikia wote. Usianze na bastola. Mwulize anaogopa nini hasa, kisha umwache amalize. Pesa za njiani, saa za kuondoka, sefu, kijana na daktari ni mambo ambayo mnaweza kukubaliana hata kabla ya kukubaliana juu ya silaha. Na ikiwa baada ya hapo utaomba leseni, wachunguzi huwauliza watu wanaokufahamu wewe ni mtu wa namna gani, na mtu anayekufahamu kuliko wote ni yeye.

Niandikie tena mkishazungumza, uamuzi wenu uwe upande wowote. Kama mtakuwa mmeamua kuomba, nitakueleza kwa urefu juu ya kuiweka silaha nyumbani penye watoto. Kama mtakuwa mmeamua vinginevyo, ningependa kujua ni njia gani ya kubeba pesa iliyowafaa, kwa sababu kuna akina mama wengi wa Marikiti, soko lenu hilo la Wakulima, wanaoipita barabara hiyohiyo.

Wako katika ushauri,
Mshauri